Sikio Linaloamsha Usiku

Kama una kisukari na sikio linakuuma sasa hivi kiasi cha kukuamsha usiku, soma aya hii moja tu kisha anza safari. Kapime sukari leo, si kesho. Mhudumu wa kwanza utakayekutana naye mwambie hivi: "Nina kisukari, na sikio linaniuma usiku." Usiweke kitu chochote sikioni. Usinunue matone ya kujaribia. Kama uso umepinda upande mmoja, jicho halifungi, sauti imebadilika au chakula kinakupalia, tafuta usafiri wa kwenda hospitali yenye daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Mengine yaliyo hapa chini utayasoma ukiwa benchini unasubiri zamu yako, au akusomee aliyekusindikiza.

Wewe ambaye huumwi leo, kaa tulielewe jambo hili taratibu. Ninamwandikia msomaji wa Isansa na vijiji vya jirani, hapa Wilaya ya Mbozi: mkulima wa kahawa, mahindi na maharage, mwenye kadi ya kliniki ya kisukari au mwenye mzazi aliye nayo. Tangu Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa iko Vwawa. Lakini kwa sikio lililofika pabaya safari inaweza kuendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kama kilomita 70 nyingine kwa barabara kuu ya TANZAM. Anayeishi mtaa wa pili kutoka hospitali ya kanda akichelewa siku mbili, zinabaki mbili. Wewe ukichelewa siku mbili, ongeza ya kutafuta nauli, ya kumpata wa kukusindikiza, ya kusubiri gari na ya kupata barua ya rufaa. Ndiyo maana inakupasa kulijua tatizo hili kabla halijafika nyumbani kwako.

Si ngozi tena, ni mfupa

Kwa watu wengi maumivu ya tundu la sikio ni jambo dogo. Ngozi ya mfereji wa sikio imelowa au imekwaruzwa, vijidudu vimeingia, imevimba. Kwa matone ya dawa ya siku chache inapona. Mwenye kisukari naye hupata sikio la namna hiyo, na mara nyingi hupona hivyohivyo. Ila kwake ugonjwa una njia ya pili ya kupita.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa midogo ya damu inayolisha ngozi na mfupa huharibika. Chembe za damu zinazopambana na vijidudu hulegea. Hata nta ya sikio, ambayo ina uchachu unaowazuia bakteria kuota, kwa mwenye kisukari uchachu wake hupungua. Hapo hupata nafasi bakteria mmoja anayependa majimaji, jina lake Pseudomonas aeruginosa. Huanzia kwenye ngozi, akapenya katika nyufa ndogo zilizomo kwenye gegedu la mfereji, akaufikia mfupa wa sehemu ya chini ya fuvu. Akishafika huko, kinachoumwa ni mfupa, na mfupa hautibiki kwa matone.

Weka kidole chini ya ndewe ya sikio lako, nyuma ya kona ya taya. Jirani na hapo, ndani, ndipo neva inayoendesha uso inapotokeza kutoka kwenye fuvu. Maambukizi yakiifikia, upande mmoja wa uso hulegea. Yakisonga zaidi hukuta neva za kumeza, za sauti na za ulimi, ambazo hutoka kwenye matundu ya fuvu lilelile, na baada ya hizo kuna mishipa mikubwa ya damu na utando wa ubongo. Ugonjwa unatembea kwa hatua, na kila hatua ina mlango ambapo ungeweza kuzuiwa.

Mwaka 1968 daktari wa Marekani, James Chandler, alieleza wagonjwa 13 wa aina hii. Karibu nusu yao walifariki. Kwa ukali wake aliupa ugonjwa jina lenye neno linalotumika kwa saratani, "malignant", na neno hilo bado huandikwa kwenye mafaili. Ukiliona au ukilisikia, usikate tamaa: ugonjwa huu si saratani. Enzi ya Chandler dawa za kumuua bakteria huyu zilikuwa chache sana. Leo zipo, nyingine za vidonge, na wengi wanaofika mapema hupona. Sharti lenyewe ni hilo la kufika mapema.

Namna unavyojificha

Dalili ninayotaka uishike kuliko zote ni maumivu ya usiku. Sikio la kawaida huuma ukiligusa au ukilivuta. Hili huuma lenyewe, kwa ndani, na usiku huzidi. Mgonjwa huketi kitandani saa nane ameshika kichwa. Mtu akichungulia tundu la sikio anaweza asione kitu cha kutisha, pengine unyevunyevu na uvimbe kidogo tu. Maumivu makubwa kuliko kinachoonekana ndiyo yanayopaswa kukutia wasiwasi.

Maumivu hayo hayatulii sehemu moja, na hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Yakishuka kwenye taya, hasa wakati wa kutafuna, mgonjwa hudhani ni jino. Anaweza hata kung'olewa jino zima, na usiku ule maumivu yakarudi palepale. Yakipanda kichwani upande mmoja, atasema ni malaria au presha. Pima malaria, ni sawa kabisa. Lakini kipimo kikisema huna malaria, usinunue dawa ya malaria kwa sababu tu kichwa bado kinauma. Rudi kwenye sikio.

Usaha nao huja, wa manjano au wa kijani, wakati mwingine unanuka, wakati mwingine ni kidogo mno hata hauchafui mto. Kusikia hupungua, sikio huwa kama limezibwa. Ukipewa matone ya sikio kituoni na ukayatumia wiki nzima bila nafuu, hiyo nayo ni dalili inayojitegemea. Rudi uiseme hivyo. Mhudumu mwenye tochi ya sikio anaweza kuona kinyama chekundu kimeota sakafuni mwa mfereji. Kwa mwenye kisukari kinyama hicho kina uzito mkubwa, na kikionekana rufaa isicheleweshwe.

Kuna jambo ambalo huwa halikupi onyo: homa. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hawachemki mwili. Hata damu ikipimwa, wingi wa chembe nyeupe unaweza kuwa wa kawaida. Usikubali kubaki nyumbani kwa sababu kipimajoto kimesema uko sawa.

Kisha kuna uso. Mzee akiamka mdomo umeenda upande, majirani huja na maelezo tayari: upepo mbaya, mkono wa mtu, kiharusi. Siku za kutafuta nani kafanya nini ni siku ambazo bakteria anazitumia mfupani. Mwenye kiharusi kwa kawaida bado anaweza kukunja paji la uso. Neva ya uso ikibanwa karibu na sikio, paji nalo hulegea na jicho halifungi. Ila usipoteze muda kubishana nyumbani kuhusu hilo, maana yote mawili ni ya hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, sema kwamba sikio ndilo lililotangulia kuuma. Daktari aliyeitiwa "mgonjwa wa kiharusi" anaweza asiulize habari za sikio kama hakuna wa kumwambia.

Wanaopatwa zaidi ni wazee, wa miaka 60 kwenda juu, ambao wamekaa na kisukari muda mrefu. Lakini kijana mwenye kisukari, au mtu ambaye kinga yake imeshuka kwa VVU au kwa dawa za saratani, naye yumo. Na wapo wanaogundulika kuwa na kisukari siku waliyoenda kutibiwa sikio. Kwa hiyo mtu mzima mwenye sikio lisilopona, hata kama hajawahi kuambiwa ana sukari, apimwe. Ni tone moja la damu kidoleni.

Kabla hujaingia duka la dawa

Sina neno baya juu ya Duka la Dawa Muhimu la kijijini. Ni mlango wa karibu, na muuzaji mwenye mafunzo anaweza kuwa mtu wa kwanza kukuambia "nenda kituoni". Mwulize hivyo. Paracetamol ya kukusogeza hadi asubuhi nunua, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ishia hapo.

Diklofenaki na ndugu zake, ambazo watu wa mashambani huzimeza kwa mgongo na kwa kila maumivu, huzielemea figo, na figo za mwenye kisukari mara nyingi zimeshachoka. Prednisoloni na deksamethasoni hutuliza uvimbe, lakini hupandisha sukari na huishusha kinga. Kuzimeza bila daktari wakati una maambukizi ya namna hii ni kumfungulia adui mlango. Matone ya jentamaisini yanaweza kuharibu usikivu iwapo ngoma ya sikio imetoboka, na wewe huwezi kujua kama imetoboka mpaka aliyesomea achungulie.

Hatari kubwa kuliko hizo ni nusu dozi ya antibayotiki. Mtu hununua vidonge sita vya siprofloksasini, ile wanayoiita sipro, au ndugu aliyeko Tunduma anamtumia kwa basi karatasi iliyobaki ya mgonjwa mwingine. Maumivu yanapungua. Anashukuru, anarudi kwenye mibuni. Baada ya wiki mbili yanarudi, na safari hii bakteria waliobaki ni wale ambao dawa hiyo haikuwaweza. Juu ya hayo, maabara ikichukua usaha kuuotesha ili ijue ni bakteria gani, hakuoti kitu, kwa kuwa dawa iliyomezwa imewapunguza bila kuwamaliza. Umeharibu dawa na umeharibu kipimo. Kama tayari umemeza, usione aibu kusema. Taja jina la dawa na siku ulizomeza, na ubebe pakiti.

Nyumbani tuna dawa zetu: mafuta ya kula yaliyopashwa moto, maji ya majani yaliyokamuliwa, kitunguu saumu, maziwa ya mama anayenyonyesha. Bibi anayekudondoshea mafuta hafanyi hivyo kwa ubaya. Alimfanyia hivyo baba yako akapona, kwa sababu baba yako alikuwa mtoto asiye na kisukari. Mwambie kwa heshima, "Bibi, sikio la mwenye sukari madaktari wamelikataza kuwekewa kitu." Mwachie kazi nyingine ya kukusaidia.

Safari yenyewe

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huko sukari ipimwe, sikio lichunguzwe kwa tochi yake, uso uangaliwe: kunja paji, funga macho kwa nguvu, onyesha meno, toa ulimi. Haya manne unaweza kujipima mwenyewe kwenye kioo kila asubuhi. Kama una kisukari, maumivu ni ya usiku na kuna usaha au kinyama, omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Vwawa. Sema neno "rufaa" bila woga. Si dharau kwa mhudumu, naye huenda alikuwa anasubiri tu kujua kama familia iko tayari kusafiri. Omba barua iandike mambo matatu: kwamba una kisukari na kiwango cha leo, siku ambayo sikio lilianza, na dawa ulizokwisha kutumia.

Beba kadi ya kliniki, dawa zako zote ndani ya mfuko mmoja, kadi ya bima kama unayo, na daftari. Beba pia kitu cha kula njiani, hasa kama umechoma insulini au umemeza vidonge vya sukari asubuhi, kwa maana gari likikwama kwenye foleni ya malori sukari inaweza kushuka. Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi na macho yakawa na giza, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, kisha subiri dakika 15. Msindikizaji ajue hili kabla hamjapanda gari.

Hospitalini tegemea vipimo vifuatavyo, na usishangae vikiwa vingi. Watachukua usaha kwa kijiti safi ili kuuotesha. Ni vizuri uchukuliwe kabla dawa mpya haijaanza. Watapima damu, pamoja na kile kipimo ambacho maabara hukiita ESR. Ni cha bei nafuu na kina faida kubwa, kwani hupanda sana mfupa ukiwa na maambukizi na hushuka kadiri unavyopona, hivyo namba ya leo itakuwa kipimo chako cha miezi ijayo. Iandike. Watapima figo. Wanaweza kuhitaji picha ya CT ya mfupa wa sikio. Hapa uelewe jambo moja: mfupa lazima uwe umeshapoteza sehemu kubwa ya madini yake ndipo picha ionyeshe, kwa hiyo picha safi ya siku za mwanzo haimaanishi mfupa ni mzima. Uliza, "Kama picha ni safi na usiku bado nalia, tunafanya nini?" Ni swali la haki.

Daktari wa masikio, pua na koo anaweza pia kukata kipande kidogo cha kile kinyama kikapimwe. Watu huogopa. Hukatwa kwa sababu saratani ya mfereji wa sikio na kifua kikuu cha sikio vinaweza kufanana na ugonjwa huu kwa macho, na dawa zake ni tofauti kabisa. Wakati mwingine aliyemo si bakteria bali fangasi, na fangasi hawaguswi na antibayotiki hata ukimeza mwaka mzima. Kubali kipande kikatwe.

Kama hospitali ya mkoa itaona upelekwe Mbeya, nenda siku hiyo. Ninajua kinachosemwa nyumbani: "Tusubiri kahawa ipimwe." Mavuno yetu ni ya miezi ya baridi na kiangazi, fedha huja baadaye, na katikati ya msimu kila mkono unahitajika shambani. Lakini sikio halifuati malipo ya chama cha ushirika. Familia ikae jioni moja, mapema, ipange kama inavyopangia msiba: nani anamsindikiza, nani anabaki na mibuni, ng'ombe au magunia gani yanauzwa kwanza, nani yuko Mbeya wa kufikia kwake. Mnapanga kwa ajili ya wiki nyingi, si siku tatu.

Wiki 6, na baada ya hapo

Tiba ya mfupa huchukua wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Wengine huanza na sindano za mshipani wodini, wengine huanza moja kwa moja na vidonge vya siprofloksasini kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha tumbo au cha mkojo. Usijilinganishe na jirani aliyepewa siku tano kwa typhoid. Bakteria hawa wamekuwa wagumu kwa dawa hii siku hizi, kwa hiyo daktari akibadilisha baada ya majibu ya maabara, anafuata kile kilichoota kwenye chupa.

Mtego uko wiki ya pili au ya tatu. Maumivu yameisha. Mgonjwa analala. Usaha umekauka. Hela ya dawa inatazamwa upya, mbolea nayo inahitajika. Hapo ndipo watu huacha, na hapo ndipo ugonjwa hubaki mfupani umejikunyata, ukarudi baada ya mwezi ukiwa mkali zaidi. Kutulia kwa maumivu ni habari njema na si ruhusa ya kuacha. Anayeruhusu ni daktari, akiwa na ESR mpya mkononi. Kama fedha imekwisha kweli, usiache kimya kimya. Rudi useme, dawa ya bei nafuu zaidi itafutwe, au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ihusishwe.

Vidonge hivi vina tabia zake. Vikikutana tumboni na maziwa, mtindi, vidonge vya madini ya chuma au zinki, au zile dawa nyeupe za kiungulia, vinakwama humo na haviingii vya kutosha kwenye damu. Vimeze kwa maji matupu, saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Halafu, na hili sikio lako lolote lililo zima lilisikie: siprofloksasini ikikutana na vidonge vya sukari vya jamii ya glibenklamaidi inaweza kuishusha sukari ghafla, hasa kwa mzee asiyekula vizuri. Mwambie daktari unatumia kidonge gani cha sukari, pima mara nyingi zaidi katika siku za mwanzo, na usilale bila kula. Ukisikia maumivu mapya kwenye mshipa mkubwa wa kisigino au begani, acha kazi nzito na urudi kabla ya kumeza kinachofuata.

Sikio na sukari vinatibiwa pamoja, siku moja. Antibayotiki inayosafiri ndani ya damu yenye sukari ya 18 (mmol/L) inapigana huku mikono imefungwa. Kiwango ambacho watu wazima wengi hulenga kabla ya kula ni kati ya 4 na 7. Wako utaambiwa na daktari wako, maana wazee wengine hupewa nafasi kubwa kidogo. Mara nyingi wakati wa maambukizi makali daktari hukuhamisha kwenye insulini. Nimesikia mara nyingi mno kwamba "ukianza sindano umekwisha". Si kweli. Kwa wengi ni ya muda, maambukizi yakiisha hurudi kwenye vidonge. Wakati wa ugonjwa mwili huhitaji insulini zaidi, kwa hiyo usiiache kwa sababu hujala vizuri. Punguza au ongeza kwa maelekezo. Kama huna jokofu, itunze katika chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga mbichi unaolowanishwa kila siku, juu kitambaa chenye unyevu, kivulini. Baridi ya Mbozi inasaidia. Chupa iliyokwisha kufunguliwa usiivushe wiki 4. Ukiwa na kiu isiyoisha, kutapika, kuhema haraka na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura ya sukari yenyewe. Usisubiri siku ya kliniki.

Jicho lisilofungika nalo lina kazi yake. Likikauka usiku kioo chake kinachubuka, na mtu anaweza kupona sikio akabaki kipofu wa jicho moja. Omba matone au mafuta ya kulainisha macho, na kila unapolala msindikizaji alifunge jicho taratibu kwa plasta ya hospitali, kope zikiwa zimekutana. Uso unaweza kuchukua miezi kurudi, na kwa wengine haurudi wote. Mgonjwa aambiwe ukweli huo mapema, kwa upole, ili asidhani dawa imeshindwa.

Kwenye daftari andika kila jioni mistari minne: sukari, maumivu ya usiku uliopita kwa alama kutoka 0 hadi 10, usaha upo au haupo, na uso ukoje. Mjukuu anayesoma anaweza kuandika. Daktari akilifungua anaona mwezi mzima kwa dakika moja, jambo ambalo "naendelea vizuri, daktari" haliwezi kumwonyesha.

Kwa masikio ambayo bado hayajauma

Kliniki za kisukari zinafundisha sana habari za miguu, na zinafanya vema. Watu wameokoa miguu yao. Sikio huulizwa mara chache. Liulizie wewe. Mwombe mhudumu achungulie hata mara moja kwa mwaka.

Acha kuchokonoa. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, pini, ufunguo wa pikipiki, hata vile vijiti vya pamba vinavyouzwa kwenye pakiti nzuri: vyote hukwaruza ngozi ambayo ndiyo ukuta wako. Nta hutoka yenyewe. Kinachotokeza nje kifute kwa ncha ya kitambaa safi. Ukioga, au ukitoka kwenye kazi ya kuosha kahawa ambako maji machafu yanaruka, inamisha kichwa kila upande maji yatoke, ukaushe kwa nje. Wakati sikio lina kidonda, ziba mlango wake kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando kabla ya kuoga, uitoe baadaye.

Na kama nta imeziba kweli, usikubali sikio lisukumiwe maji kwa bomba la sindano kabla hujasema una kisukari. Kuoshwa sikio kwa maji ya kawaida kumewahi kuwa mwanzo wa ugonjwa huu kwa wagonjwa wa kisukari. Omba nta itolewe kwa kuvutwa au kwa kifaa, na mtu anayeona anachofanya.

Ukimaliza dozi, usihesabu kwamba umeagana na hospitali. Ugonjwa huu unaweza kurudi ndani ya mwaka mzima, mara nyingi ukianza na maumivu yaleyale ya usiku. Kabla hujatoka kwenye chumba cha daktari, mwambie akuandikie tarehe za kurudi, na lini ESR irudiwe. Kisha nyumbani ziandike kwenye kalenda ya ukutani, ile ambayo familia nzima huitazama, kwa kalamu nyekundu.